Zirkoni ya Kwale na Jeraha la Ndani ya Fuwele

Mchanga mweupe wa Shelly Beach, Likoni, kwa sehemu kubwa ni mabaki ya matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi, ilhali mchanga mwekundu wa vilima vya Kwale, takriban kilomita 50 kusini yake, ulitokana na miamba ya kale ya bara iliyomomonyoka. Katika vilima hivyo kampuni ya Base Titanium ilichimba madini mazito tangu mwishoni mwa mwaka 2013 hadi Desemba 2024, sehemu kubwa ikisafirishwa kwa malori hadi gati ya Likoni. Miongoni mwa madini hayo ni zirkoni, ambayo chembe zake, ingawa ni ndogo kama punje za chumvi, zinaonyesha vyema jinsi ioni zinavyoharibu fuwele zinazopitisha mwanga.

Fuwele ni kitu kigumu ambacho atomi zake, hapa za zirkoniamu, silikoni na oksijeni, zimepangika kwa utaratibu uleule unaojirudia pande zote, mfano wa mkeka usiokosewa hata ukili mmoja. Kwa sababu ya mpangilio huo zirkoni huupinda mwanga kwa nguvu na kuugawa mwale mmoja kuwa miwili. Na ni uwezo huo wa kuupinda mwanga unaowafanya watengenezaji wa vigae kuisaga na kuitia katika ute unaopakwa juu ya kigae, ili mwanga utawanyike na kigae kiwe cheupe.

Kinachoiharibu zirkoni huzaliwa nayo. Fuwele inapoundwa, atomi chache za urani na thori huketi mahali pa zirkoniamu, na kila mojawapo ya atomi hizo inapovunjika hutupa chembe ya alfa, ambayo ni kiini cha heli, yaani ioni iliyovuliwa elektroni zake zote. Kama bunduki inavyomsukuma nyuma mpigaji, kiini kilichobaki nacho husukumwa upande wa pili. Mtu angedhani kwamba chembe ya alfa, kwa kuwa ina mbio na nishati kubwa zaidi, ndiyo iharibuyo zaidi, lakini sivyo: nishati yake nyingi huishia katika kuzisumbua elektroni, na ni mwishoni mwa safari yake ya maikromita kumi na kitu ndipo hung'oa atomi mia moja hivi. Kiini kizito kinachorudi nyuma huenda makumi machache tu ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), lakini katika njia hiyo fupi hugonga atomi, nazo zikagonga nyingine, hata mamia kadhaa yakahama mahali pake. Urani 238 hutupa chembe nane za alfa kabla ya kuwa metali ya risasi, na kazi hiyo huendelea kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Mwanga ndio unaolifichua jeraha hilo. Katika utafiti wao wa mwaka 1955 juu ya zirkoni za Sri Lanka, wanasayansi Holland na Gottfried walionyesha jinsi fuwele inavyovimba na kupungua uzito kwa ujazo, kutoka gramu 4.7 hadi karibu 4 kwa kila sentimita ya ujazo, huku uwezo wa kupinda mwanga ukishuka na ule wa kuugawa mwale ukitoweka. Ajabu ni kwamba umbo la nje hubaki lilelile, kingo zake zikiwa kali, ilhali ndani utaratibu umevunjika na kuwa kama kioo cha dirisha.

Maabara hufanya kwa saa chache kilichoichukua miamba enzi nzima, kwa kurusha ioni za heli katika fuwele kama lithiamu niobeti. Tabaka lililoharibiwa chini ya uso huupinda mwanga kidogo kuliko sehemu iliyo juu yake, hivyo huwa ukuta unaouzuia mwanga usipotee, na jeraha hugeuzwa kuwa mfereji wa mwanga.

Moto nao unaweza kulitibu jeraha: zirkoni iliyoumia kidogo hurejesha mpangilio wake inapopashwa, lakini ile iliyovunjika kabisa huweza kutengana kwanza kuwa oksidi ya zirkoniamu na oksidi ya silikoni, ambazo huhitaji joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi ili ziungane tena kuwa zirkoni.