Ukitaka kuijua baridi ya Moshi, panda pikipiki!

MKAZI wa Dar es Salaam ukimwambia kwamba Moshi kuna baridi, atakubishia mpaka mate yamkauke. Atakuambia alipita hapa mwezi Februari, akashuka stendi, akatoka jasho kama yuko Kariakoo. Simlaumu. Februari hata sisi wenyewe tunalala madirisha wazi.

Lakini msomaji wangu, mwambie huyo huyo arudi Julai. Masika yamekwisha, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini, unagonga mlima, na wingu linashuka mpaka kwenye mabati. Hicho ndicho kipupwe. Wiki nzima unaweza kukaa Moshi mjini usimwone Kibo, kama vile kuna mtu kaja usiku kamwiba. Pale soko la Memorial makoti ya mitumba yanagombewa, na wauza kahawa wa vijiweni wanachekelea.

Sasa mie na mshikaji wangu mmoja tuna ugonjwa wetu. Baridi ikianza, wenzetu wanajifungia ndani, sisi tunapanda pikipiki kwenda kuifuata huko huko inakotoka. Tunatoka alfajiri, tunarudi jioni. Hatulali njiani, hatuna shughuli yoyote ya maana. Wazee wa mtaani wanasema ni wehu. Inawezekana.

Jina la mshikaji naliweka kapuni, maana mkataba wa watu haujaisha. Yeye ni bodaboda. Boxer anayoendesha si yake bado. Kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, na Jumapili ndiyo siku yake mwenyewe. Siku hiyo ninayotaka kuwasimulia alikuwa amebakiza wiki sita tu chombo kiwe mali yake. Wiki sita! Kumbukeni hilo, maana ndilo litakalowafanya muelewe kwa nini baadaye mtu mzima alitaka kulia barabarani.

Gazeti lina kazi mbili

Kwanza niwape somo la bure. Watu wengi wanadhani baridi ya pikipiki ni baridi ya kawaida. Siyo. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la hifadhi pale Marangu liko juu ya mita 1,800. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua kama nyuzi sita hivi. Kwa hiyo kama mjini umeamka na nyuzi 15, kule juu una tisa. Halafu ongeza upepo wa mwendo wako mwenyewe. Ukiwa kilometa 50 kwa saa, ule upepo unakunyang'anya joto la mwili bila huruma, na kama umelowa manyunyu ndiyo kabisa.

Dawa yake ni rahisi. Chukua gazeti, lifungue, lipange kifuani chini ya koti. Karatasi inazuia upepo ile mbaya. Hata hili unaloshika sasa hivi, ukishalimaliza kulisoma lina kazi ya pili. Miguuni vaa soksi mbili. Mikononi ndiyo pa kuangalia zaidi, lakini siku ile ndipo tulipopadharau. Mshikaji alivaa glovu za sufi zilizotoboka vidole. Mie nikaweka mikono kwenye mifuko ya koti lake, raha mustarehe.

Kuna jingine nililolidharau. Naliandika kwa aibu. Mshikaji ana kofia ngumu ya abiria, wenyewe bodaboda wanaiita "elementi". Nikaikataa. Nikamwambia kofia hiyo imevaliwa na nusu ya mji wa Moshi, na mie nimetoka kunyoa jana. Akanitazama, akaitundika nyuma ya mlango. Tukaondoka.

Marangu kwenye ukungu

Saa 12 na nusu tulikuwa tunaipita Kiboriloni, akina mama wakishusha mizigo ya sokoni kwenye giza. Barabara ya Himo ni tambarare, lami safi, na saa hizo hatukukutana na trafiki hata mmoja. Himo tukakata kushoto, kilima kikaanza.

Pale ndipo unapoona jinsi nchi inavyobadilika. Chini ni mahindi makavu na vumbi. Ukipanda kidogo tu, umeingia kwenye vihamba. Migomba imefunika kahawa, kahawa imefunika magimbi, na mifereji ya wazee inapitisha maji pembeni kama walivyoichimba mababu. Harufu ni ya moshi wa kuni na zizi la ng'ombe. Boxer nayo inaanza kulalamika, maana kule juu hewa ni nyepesi na injini inapumua kwa shida kama mtu mnene kwenye ngazi. Unarudisha gia, unatulia.

Marangu Mtoni tukanywa chai ya tangawizi tukiwa tumesimama. Hapo ndipo kwao Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Kichagga anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza Wazungu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889. Na miaka 41 kabla yao, mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na wasomi wa Ulaya wakambishia. Nilimwambia mshikaji kwamba Rebmann alikosa pikipiki tu. Angewapakia wale wasomi mmoja mmoja mwezi Julai, ubishi ungekwisha Himo.

Tulicheka sana. Ndiyo kicheko cha mwisho kwa muda.

Bibi na mzigo wa majani

Kutoka Marangu tukashika barabara ya Rombo. Siku hizi ni lami mpaka Tarakea, na kona zake ni tamu kwa mtu wa pikipiki. Tumefika maeneo ya Mwika ukungu ukawa mzito, na manyunyu yakaanza, yale ambayo si mvua lakini yanalowesha. Mshikaji hakuwa anakimbia. Nilichungulia begani kwake, mshale ulikuwa kwenye 40.

Basi bwana, tukakata kona ya kushuka, mbele yetu bibi kizee anavuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Kwa jinsi mzigo ulivyomfunika hakutuona kabisa. Mshikaji alimwona mapema. Aliniambia baadaye kwamba akili ilishaamuru "shika breki", ila vidole havikutii. Vilikuwa vimekufa ganzi. Alipofanikiwa kuikamata ile breki aliikamata yote kwa mpigo, tairi la mbele likateleza kwenye lami iliyolowa, na sisi tukaenda mtaroni.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kuona migomba imelala, halafu nikagundua aliyelala ni mie. Kichwa changu kilikuwa kimetua kwenye rundo la majani ya migomba yaliyooza. Kama hatua moja kutoka hapo kulikuwa na ukingo wa saruji wa daraja dogo. Hatua moja, wapenzi wasomaji. Niliuangalia ule ukingo mpaka leo naweza kuwachorea.

Bibi hakuguswa hata nguo. Mshikaji alichubuka goti. Boxer ilivunjika saitimira moja, na mkono wa klachi ukapinda. Lakini mshikaji alikuwa hajui bado ni hivyo tu. Alipiga magoti pale mtaroni akaipapasa pikipiki kama mtu anayempapasa mtoto aliyeanguka mtini, machozi yanamlengalenga, anarudia neno moja tu: "Wiki sita... wiki sita..."

Jikoni

Tukamwendea bibi kumwomba radhi. "Shikamoo bibi. Tusamehe sana."

"Marahaba. Mmeumia wapi?" Akamshika mshikaji mikono, akaishangaa. "Hii mikono au vyuma? Njooni jikoni."

Jiko lake liko nyuma ya nyumba, la mbao, moto katikati, mbuzi wawili pembeni. Akatukalisha kwenye vigoda. Akatutolea mbege kwenye kata, kama ilivyo heshima ya wenyeji. Tukamwambia tunaendesha, akafurahi kuliko kama tungekunywa. Akatuwekea uji wa ulezi. Vidole vilipoanza kupata moto viliuma kuliko goti. Mshikaji alikunja uso, bibi akawa anamcheka.

Halafu akaniuliza mie: "Na wewe kofia yako imeangukia wapi?"

Nikakaa kimya. Mshikaji akajibu kwa niaba yangu: "Imebaki mlangoni, bibi. Kakataa kuvaa."

Bibi akainuka, akaingia nyumba kubwa. Akarudi na helmeti nyeusi, safi, imefungwa kwenye kanga. Akatueleza kwa kifupi, bila kupandisha sauti. Ni ya mjukuu wake. Naye alikuwa anaendesha pikipiki. Siku aliyokufa alikuwa anakwenda dukani tu, hapa hapa karibu, akaona haina haja ya kuvaa. Ilikuwa imetundikwa mlangoni. Alisema hivyo hivyo, mlangoni, akanitazama.

"Chukua," akasema. "Hapa inakusanya vumbi. Ila si yako. Krismasi mkipanda watu wote kuja nyumbani, uniletee. Na uniletee ikiwa kichwani."

Mie maneno ni kazi yangu, lakini hapo nilipata neno moja tu, tena la kwao: "Aika."

Chala mpaka nyumbani

Mshikaji alinyoosha mkono wa klachi kwa jiwe na kipande cha bomba, tukaendelea. Nilidhani atageuza, lakini alisema akigeuza sasa hivi ataiogopa barabara ile mpaka lini? Bibi alikuwa amempa soksi nene za sufi, akazivaa juu ya glovu mkono mmoja mmoja, vidole gumba vimetobolewa kwa kisu. Alionekana kama mwanasesere. Hakujali.

Tukafika Mkuu, makao makuu ya wilaya ya Rombo, tukakata kulia kushuka mpaka barabara ya chini, ile ya vumbi inayopita karibu na mpaka wa Kenya. Hapo ndipo uchawi wa safari hizi ulipo. Unashuka, na kila kona unavua kitu. Soksi, glovu, gazeti, koti. Saa nane mchana tulikuwa juu ya ukingo wa Ziwa Chala tumebaki na fulana, jua linawaka kama hakuna kipupwe duniani. Chala ni ziwa lililoko ndani ya shimo la volkano, mpaka wa nchi mbili umepita katikati yake, na maji yake yanalishwa na mlima kwa njia za chini ya ardhi. Lina kina cha mita zipatazo 90. Ukilitazama kutoka juu ni bluu ya ajabu. Tulikaa pale bila kuongea sana.

Mshikaji ndiye aliyevunja ukimya. "Unajua," akasema, "mie nilikuwa nalilia chombo. Wewe ulikuwa umelala kwenye majani na mie naangalia saitimira." Nikamwambia ayaache. Akasema hapana, lazima alisema. Nami nikamwambia langu: kwamba kama ningeumia mie, yeye ndiye angeulizwa kwa nini abiria wake hana kofia, na zile wiki sita zingeishia hapo kwa sababu ya kichwa kilichonyolewa jana. Tukapeana mikono. Tukaondoka.

Holili, Himo, Kiboriloni. Tumeingia mjini saa 12 jioni, na mlima ukatufunulia uso. Kibo alionekana mzima, na ile barafu yake iliyobaki, maana ya mwaka 1912 imebaki chini ya robo. Watu walisimama barabarani kumtazama kama mgeni rasmi.

Kabla sijaweka kalamu chini

Vijana wenzangu, sitawakataza kutembea. Tembeeni. Mlima ni wetu, barabara ni zetu, na petroli ya siku moja ni nafuu kuliko usiku mmoja wa kujirusha. Lakini kwa kipupwe chukueni haya: kinga mikono kwanza, kifua baadaye. Kila mkisikia vidole vimeanza ganzi simameni, mvipashe kwenye injini mpaka virudi. Kwenye ukungu washeni taa na mpunguze mwendo kwenye kona za vijijini, kwa sababu kuna bibi ana mzigo. Na abiria naye avae. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa hesabu kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 40, na ya kuumia kichwa kwa kama asilimia 70. Nywele zinaota tena.

Mkataba wa mshikaji sasa umebakiza wiki mbili. Saitimira alinunua mpya kwa hela yake, na tajiri hajui kitu mpaka atakaposoma hapa, ndiyo maana jina liko kapuni.

Ile helmeti nyeusi iko kwangu. Siitundiki mlangoni, naiweka kitandani, upande wa miguu, ili nisiweze kutoka bila kuiona. Desemba tutaipeleka Mwika, Mungu akipenda. Ikiwa kichwani.