Kungoja Pasipo Kujua Mwisho

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kalenda ya nyumba ya mvuvi imetundikwa mbinguni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki hao wadogo waje juu ya maji. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, nuru ya taa hushindwa na nuru yake, na wavuvi wengi hupumzisha mitumbwi kwa siku kadhaa. Mwezi nao hukamilisha mzunguko wake kwa siku 29 na nusu, na haujapata kuchelewa. Kwa hiyo mke wa mvuvi hungoja, lakini anajua angoje mpaka lini. Hata serikali ya Tanzania ilipofunga uvuvi katika ziwa hilo mwaka 2024, ili samaki wapate kuzaliana, ilitangaza tarehe mbili, 15 Mei na 15 Agosti. Wako walionung'unika, lakini kila mmoja aliweza kuhesabu siku zake.

Iko namna nyingine ya kungoja ambayo mwezi hausaidii kitu. Mkoa wa Kigoma umepokea watu kutoka ng'ambo ya mpaka kwa miongo mingi: Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza mwaka 1993, na Wakongo, ambao kwa ajili yao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996. Watu wakikaa pamoja huoana. Tangu katikati ya miaka ya 2010 maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu walichukuliwa kwenda kuishi Marekani, wala si kila mmoja aliyesafiri pamoja na mwenzi wake. Sheria ya Marekani humruhusu mkimbizi aliyepokelewa kumwombea mkewe au mumewe amfuate, mradi ndoa iwe ilifungwa kabla ya mkimbizi huyo kuingia nchini, na maombi yapelekwe kabla ya miaka miwili kupita tangu awasili. Maombi yakishapelekwa, mke aliyebaki katika kata kama Simbo, nje ya mji wa Kigoma-Ujiji, huanza kungoja barua. Huenda ikaja baada ya mwaka mmoja. Huenda ikaja baada ya miaka mitano. Majirani wanaokutana naye kisimani humwuliza, kwa wema kabisa, "Bado tu?" Naye hana la kujibu.

Kwa nini hakuna awezaye kumwambia ni lini? Na kwa nini kutojua huko kunauma kuliko urefu wa muda wenyewe? Maswali haya mawili yana majibu ya kisayansi. La kwanza ni la hesabu, na la pili ni la mwili na nafsi.

Hesabu ya foleni

Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya mji wa Copenhagen, alichapisha makala juu ya hesabu ya simu zinazoingia bila mpango. Shida iliyokuwapo ilikuwa kujua njia ngapi za simu zitoshe ili wapigaji wasingoje kupita kiasi. Kutokana na kazi yake limekua tawi zima la hisabati, elimu ya foleni, ambalo leo hutumika bandarini, hospitalini na katika mitambo ya kompyuta.

Kanuni moja ya elimu hii yafaa ijulikane na kila mwanafunzi. Na awepo karani mmoja awezaye kumaliza, kwa wastani, majalada 10 kwa siku. Majalada humjia bila mpango, na mengine ni mepesi, mengine mazito. Yakimjia 8 kwa siku, kila jalada litakaa ofisini kwa wastani wa nusu siku ya kazi. Yakija 9, litakaa siku moja. Yakija 9.5, siku mbili. Yakija 9.9, siku kumi. Muda huo hupatikana kwa kugawanya 1 kwa tofauti iliyopo kati ya kazi inayoweza kufanyika na kazi inayokuja. Kutoka 9 hadi 9.9 kazi imeongezeka kwa sehemu moja tu ya kumi, lakini muda wa kungoja umeongezeka mara kumi! Na yakija 10 kamili, mgawanyo ni wa 1 kwa sifuri, maana yake foleni haina kikomo. Kwa hiyo ofisi ambayo makarani wake hawapati hata dakika ya kupumua si lazima iwe ofisi hodari, kama wakubwa wengi wanavyodhani. Aghalabu ni ofisi iliyokwisha kuzama.

Lakini jalada la mke wa Simbo halipiti kwa karani mmoja. Hupita penye uthibitisho wa ndoa, mahojiano, uchunguzi wa usalama na uchunguzi wa afya, na baadhi ya hatua hizi zina muda wa kuisha nguvu. Uchunguzi wa afya, mathalani, kwa kawaida hudumu miezi sita. Ikiwa hatua nyingine itachelewa mpaka miezi hiyo ipite, uchunguzi wa afya hurudiwa. Na wakati unarudiwa, hatua nyingine nayo yaweza kuisha. Ni kama mtu aliyeagizwa awashe taa nne pamoja, kila moja ikiwa na mafuta ya kiasi chake, na ruhusa ya kusafiri hutolewa katika saa ile tu ambayo zote nne zinawaka. Ikionekana dalili ya kifua kikuu, matibabu yake ya kawaida huchukua miezi sita, na taa zote hungojea hiyo moja.

Juu ya hayo yako maamuzi ya wakubwa wa dunia, ambayo hayamo katika fomula yoyote. Tarehe 27 Januari 1917 ingekuwa historia ya mbali. Lakini ilikuwa 27 Januari 2017 amri ya rais wa Marekani iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi kwa siku 120. Tarehe 20 Januari 2025 amri nyingine ikasimamisha mpango huo wote, na hata waliokwisha kupangiwa ndege walibaki walipo.

Foleni nyingine hufanya jambo la ajabu zaidi: hurudi nyuma. Mke wa raia wa Marekani hana kikomo cha idadi kwa mwaka, lakini mke wa mgeni mwenye ukaazi wa kudumu yumo katika kundi lililowekewa idadi. Kila mwezi hutolewa taarifa inayosema ni maombi ya tarehe gani yaliyofikiwa. Kuanzia Julai 2019 kundi hili halikuwa na foleni ya namba. Aprili 2023 waombaji walikuta kwamba ni wale tu walioomba kabla ya tarehe 8 Septemba 2020 watakaoendelea. Mtu aliyelala akiwa wa kwanza mlangoni aliamka akiwa na watu wa zaidi ya miaka miwili mbele yake.

Panya wa New York na mawe ya London

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jay Weiss wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alieleza majaribio aliyofanya kwa panya. Panya wawili walipigwa mkiani na umeme wa nguvu ileile, kwa idadi ileile, kwa nyakati zilezile. Mmoja alisikia mlio mdogo kabla ya kila pigo; mwenzake alisikia milio isiyohusiana na mapigo. Yule wa pili, ambaye hakuweza kujua pigo litakuja lini, alipata vidonda vingi zaidi vya tumbo. Tofauti haikuwa katika maumivu yaliyoletwa na umeme. Panya wa kwanza, mlio usiposikika, alijua kwamba ana nafasi ya kupumzika. Wa pili hakuwa na saa ya kupumzika hata moja. Weiss alionyesha pia kwamba panya aliyepewa gurudumu la kuzungusha ili kuzuia umeme alipata vidonda vichache kuliko mwenzake asiye na la kufanya.

Binadamu si panya, lakini hakuachana naye mbali katika jambo hili. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha matokeo ya jaribio la watu 45 waliocheza mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe. Chini ya baadhi ya mawe palikuwa na picha ya nyoka, na aliyemfunua alipata pigo la umeme mkononi. Jasho na upana wa mboni za macho vilipimwa. Wasiwasi ulifikia kilele pale uwezekano wa nyoka ulipokuwa nusu kwa nusu. Waliojua kwa yakini kwamba watapigwa walitulia kuliko wale waliokuwa hawajui! Mwili uliokuwa katika hali ya mashaka hukaa tayari mchana na usiku, tezi zikitoa homoni ya kotisoli inayoamsha moyo na damu, na tayari hiyo ikidumu kwa miezi huleta usingizi wa mang'amung'amu, hasira za haraka na maumivu yasiyo na ugonjwa wa kuonekana.

Mke wa Simbo ana mzigo mwingine. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, ambao hawakujulikana kama wamekufa au wako hai. Aliona kwamba familia hizo ziliganda. Kwa Kiswahili hali hii yaweza kuitwa msiba usio na matanga: aliyeondoka hayupo nyumbani, wala hajaondoka katika mipango ya nyumba. Mke wa mtu aliye mbali si mjane na si mke wa kila siku. Je, apande mihogo ya mwaka ujao au auze jembe? Amwandikishe mtoto shule ya hapa? Kila jambo la muda mrefu huonekana kama kukata tamaa, na kila jambo linaloahirishwa hula mwaka mwingine wa maisha yake.

Linalofaa na lisilofaa

Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, alifuatilia, pamoja na wenzake, wahitimu 230 wa sheria waliongoja kwa miezi minne matokeo ya mtihani wa uwakili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuwapendeza wauzaji wa ushauri rahisi: mbinu walizotumia wahitimu ili kujituliza hazikupunguza wasiwasi wao. Lakini wale waliohangaika zaidi walipokea habari mbaya kwa ustahimilivu zaidi, na habari njema kwa furaha kubwa zaidi. Kwa hiyo mwenye wasiwasi asiambiwe kwamba ana kasoro. Mwaka 2020 Sweeny na wenzake wa China waliwachunguza watu 5,115 wakati wa maradhi ya korona. Waliofungiwa kwa muda mrefu lakini wakapata kazi ya kuzama ndani yake hata wakasahau saa, hawakuwa na hali mbaya kuliko wale ambao hawakufungiwa kabisa.

Hili lina maana yake Kigoma. Mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Anayeupanda leo ameweka ndani ya kungoja kusiko na tarehe kitu chenye tarehe. Barua ikija kabla ya mavuno, shamba litauzwa au litaachiwa ndugu. Isipokuja, mawese yatakuwapo. Mafunzo ya ushonaji na madarasa ya Kiingereza hufanya kazi hiyohiyo.

Na liko gurudumu la kuzungusha, ingawa ni dogo. Ndoa nyingi za vijijini zilifungwa kwa mila au kwa dini na hazina cheti cha serikali, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa zisajiliwe. Jambo hilo huweza kushughulikiwa wakati wa kungoja. Tarehe za kuisha kwa pasipoti na hati nyingine ziandikwe ukutani. Anwani ikibadilika, ofisi ijulishwe kwa maandishi na nakala ihifadhiwe. Kuuliza habari za jalada kuwekewe siku moja ya mwezi, maana kuuliza kila asubuhi hakusogezi foleni, bali huvunja siku. Wako pia watu wanaouza gurudumu la uongo, wakidai wana ndugu ofisini atakayesukuma jalada. Hao hunawiri mahali ambapo hakuna habari, na ndiyo sababu mojawapo ya ofisi kupaswa kusema wazi jalada limefika hatua gani. Mwaka 1985 mwandishi David Maister alieleza kwamba muda usiojulikana huonekana mrefu kuliko muda unaojulikana. Kutoa taarifa ya kweli, hata isiyopendeza, ni nafuu isiyogharimu karani mpya.

Jaribio kwa darasa

Wanafunzi 40 wapewe kila mmoja dadu, au kopo lenye vikaratasi sita, kimoja kikiwa na alama, kinachorudishwa kila baada ya kuchomolewa. Kila atakayepata sita, au kile chenye alama, amepata "kibali" na aketi. Wastani wa mirusho inayohitajika ni sita. Baada ya mrusho wa sita wanafunzi kama 13 watakuwa wangali wamesimama. Baada ya mrusho wa 12, wanne au watano. Baada ya mrusho wa 18, mmoja au wawili. Hapo mwalimu awaulize waliobaki kama wanadhani zamu yao imekaribia sasa kuliko ilivyokuwa mwanzo. Wengi watajibu kwamba imekaribia, kwa kuwa wamengoja sana. Dadu haina kumbukumbu: wastani wa mirusho iliyobaki ungali sita.