Bando lipo, tovuti haifunguki? Huenda kilichokwama ni DNS

Mwanafunzi aliyepo Morogoro mjini anaandika sua.ac.tz kwenye simu, aone tovuti ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Bando lipo, mtandao unasoma, lakini ukurasa haufunguki.

Tovuti yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichokwama huenda ni seva ya DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ambazo kompyuta hutumia kutafutana.

Ifananishe na bodaboda wa Msamvu. Unamtajia tu Bigwa au Kilakala, yeye ndiye anayejua njia. Akizubaishwa, abiria wanabaki kituoni ingawa barabara iko wazi.

Anazubaishwa vipi?

Februari 2024, watafiti wa kituo cha ATHENE nchini Ujerumani walitangaza kasoro waliyoiita KeyTrap. Inahusu DNSSEC, mfumo wa saini unaothibitisha kwamba jibu la DNS halijachakachuliwa.

Kanuni zake ziliitaka seva ijaribu funguo na saini zote mpaka ipate zinazooana. Mshambuliaji anasajili kikoa chake, anakijaza funguo na saini zisizooana, kisha anaifanya seva ikiulizie. Ni kama kumkabidhi bodaboda rundo la funguo na rundo la kufuli, umwambie ajaribu zote kabla ya kuwasha pikipiki.

Jibu moja tu la namna hiyo lilitosha. Kwenye majaribio, seva zilikwama kuanzia takribani dakika moja hadi saa 16, kutegemea programu. Iliyofika saa 16 ni BIND 9, mojawapo ya programu za DNS zinazotumika sana duniani.

Hapo hakuna data inayoibwa. Huduma ndiyo inayokatika, kwa kila anayetegemea seva hiyo.

Dawa yake

Watengenezaji waliweka kikomo cha majaribio. Kwa BIND, marekebisho yalianzia matoleo 9.16.48 na 9.18.24.

Mwenye simu hawezi kuliziba tundu hili. Ni kazi ya anayeendesha seva: kampuni ya mtandao, chuo au ofisi.

Anachoweza mtumiaji ni kujaribu laini nyingine. Tovuti ikifunguka huko, shida ipo upande wa mtandao wa kwanza, na DNS ni ya kukaguliwa mapema.

Hatari zaidi ni seva iliyofungwa miaka mingi iliyopita, ikafanya kazi vizuri, na kwa sababu hiyo ikasahaulika bila kusasishwa.