Kuwachanja watoto taifodi kabla ya kwenda kwa bibi yao

Niliandika kwenye kundi la familia kwamba watoto wameshachanjwa homa ya matumbo, tayari kwa safari ya Tanga. Shangazi mmoja akajibu: "Kumbe siku hizi kwa bibi yao ni kwa wagonjwa?" Swali hilo liliniuma. Naeleza kwa kirefu kwa sababu wazazi wengi huku Uingereza wanaambiwa maneno hayo hayo, na wapo wanaoacha kuchanja ili wasionekane wanaringa.

Taifodi si ugonjwa wa Afrika. Ni ugonjwa wa maji na mikono iliyoguswa na kinyesi, popote pale. Waingereza wameujua vizuri sana: katika Vita vya Makaburu magonjwa, taifodi ikiwa mbele, yaliwaua askari wao wengi kuliko risasi. Almroth Wright, aliyefundisha madaktari wa jeshi kule Netley, alikuwa ameshaanza kuijaribu chanjo yake mwaka 1896. Na mwaka 1964 watu zaidi ya 400 waliugua Aberdeen, Scotland, chanzo kikiwa nyama ya kopo kutoka Argentina; makopo yalikuwa yamepozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa.

Leo chanjo hii ni bure NHS, huduma ya afya ya umma ya huku. Kuipata ndiyo kazi. Unapiga simu saa mbili kamili asubuhi, mashine inakuweka kwenye foleni, ukifikiwa unaambiwa ujaze fomu mtandaoni. Fomu inataka tarehe, miji yote mtakayopita, kama mtapanda mlima, kama mtagusa wanyama, kama mtalala hotelini, kwenye hema au kwa ndugu. Kisha unasubiri nesi aisome. Nesi akishaisoma unapigiwa, unapewa miadi ya saa nne asubuhi siku ya shule, na hapo unaanza barua ya kuwaombea watoto ruhusa. Nyumbani mama anabeba mtoto na kadi ya kliniki, anakaa kwenye benchi, mtoto anachomwa, adhuhuri yuko jikoni kwake. Nchi hii ina dawa, ina friji, ina nesi mpole kabisa, lakini kati yako na yeye imejenga ukuta wa simu na fomu. Mzazi anayefanya kazi za zamu anakata tamaa mapema, na watoto wanasafiri bila chanjo.

Lile swali la kulala kwa ndugu liliniudhi, mpaka nesi aliponieleza. Wanaorudi kutembelea jamaa ndio wanaopata taifodi zaidi ya watalii. Ni kweli. Mtalii ana maji yake ya chupa. Mimi mama mkwe akinipa maji ya mtungi, nayapokea kwa mikono miwili.

Na mimi nilichanjwa, ingawa nimekulia Tanga. Kuugua taifodi zamani hakukupi kinga ya maisha. Tena wengi wetu tulioambiwa tuna "malaria na taifodi" tulipimwa Widal tu, kipimo kinachoweza kusoma mabaki ya ugonjwa wa zamani au wadudu wengine kabisa. Uhakika hupatikana kwa kuotesha damu maabara.

Binti yangu mkubwa anaogopa sindano, akaomba vidonge. Vilikuwepo, kuanzia miaka mitano, mpaka utengenezaji wake ulipokoma mwaka 2024: vitatu, kimoja kila baada ya siku moja, vilikaa friji na vilimezwa tumbo likiwa tupu. Kituo chetu hakikuwa navyo. Alichomwa akiwa amenishika mkono, halafu akamshika mkono mdogo wake, na yule wa miaka saba hakutoa hata sauti kwa kuwa dada yake alikuwa anamtazama. Huyu mdogo ndiye ninayemhofia. Safari iliyopita alishajua nyumba zote za mtaani zinazouza barafu za ukwaju, na watoto wenzake walimpenda kwa sababu hakatai chochote anachopewa. Sitaki akatae. Nataka ale na binamu zake sinia moja, ajue ladha ya mtaa wa mama yake, arudi akiongea Kiswahili cha Tanga.

Kitinda mimba ana mwaka na nusu, hakuchanjwa. Sindano inayotolewa hapa imetengenezwa kwa sukari ya ganda la bakteria, na mwili wa mtoto chini ya miaka miwili haujifunzi vizuri kutokana na sukari peke yake. Iko chanjo mpya iliyounganisha sukari hiyo na protini, inayofaa hata mtoto wa miezi sita. Pakistan iliiingiza kwenye chanjo za kawaida mwaka 2019, Malawi ikafuata 2023, na Julai 2025 Kenya ikawachanja watoto wa miezi tisa hadi miaka 14. Shangazi, akina mama wa Mombasa waliopanga foleni siku zile walikuwa wanawalinda watoto wao, hawakuwa wanaudharau mji wao. Nami ni hivyo hivyo.

Mnaosafiri Desemba, pigeni simu Septemba, maana foleni ni ndefu na sindano inatakiwa ichomwe angalau wiki mbili kabla ya safari. Kinga yake hudumu kama miaka mitatu na haizuii kila kitu. Maji ya mdogo ambaye hajachanjwa yachemsheni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya sinia.