Hongo, Rugaruga na Dola: Mashindano ya Urambo na Unyanyembe

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi dola mbili zilivyoshindana katika Unyamwezi karne ya 19, na kuonyesha kuwa baadhi ya maneno tuyatumiayo leo hutuficha maana ya mambo yaliyotukia. Wanahistoria wakiandika juu ya Athens na Sparta, au juu ya Uingereza na Ujerumani kabla ya 1914, husema dola, mapatano, wajumbe na ushuru. Wakifika Unyamwezi, mara nyingi wamesema kabila, ugomvi na unyang'anyi. Tofauti hiyo haikutokana na matukio yenyewe.

Bukene iko kaskazini ya Tabora, katika reli iendayo Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Kabla ya reli, Tabora ilikuwa makutano ya njia tatu za misafara: ya mashariki iliyoshuka hadi Bagamoyo, ya magharibi iliyofika Ujiji, na ya kaskazini iliyoelekea Ziwa Nyanza, Karagwe na Buganda. Katika nchi ya namna hii nguvu ya mtemi haikupimwa kwa upana wa ardhi tu. Ilipimwa pia kwa njia aliyoishika, kwa kuwa pembe, nguo, bunduki na baruti zote zilipita humo.

Neno la kwanza la kuangaliwa ni hongo. Leo msikiaji huelewa rushwa, kitu kitolewacho kwa siri. Zamani hongo ilitolewa hadharani: ndiyo ushuru aliotozwa msafiri na mwenye nchi ili apate kupita. Kuipokea kulikuwa dalili ya enzi. Kwa hiyo Mnywa Sele, aliyemrithi Fundikira katika utemi wa Unyanyembe, alipotaka kuwatoza ushuru wafanya biashara Waarabu wa Tabora, jambo lililobishaniwa lilikuwa ni nani mwenye mamlaka. Waarabu walimwondoa, wakamtawaza Mkasiwa. Mnywa Sele hakukubali, akapigana mpaka alipouawa mwaka 1865. Tangu hapo Unyanyembe ikasimama juu ya nguzo mbili, mtemi na wafanya biashara, na nyuma yao Sultani wa Unguja.

Wakati huo huo dola nyingine ilikuwa ikiinuka magharibi. Mirambo alianza katika utemi mdogo wa Uyowa, akaziunganisha nchi za jirani, akajenga makao yake Urambo, karibu na njia ya Ujiji. Alifanya urafiki na Watuta, akakusanya rugaruga. Neno hili nalo limechakaa, likadhaniwa kuwa ni majambazi tu. Kwa kweli walikuwa vijana wenye bunduki, waliotoka pande nyingi, wakaliwa na kulipwa kwa nyara. Wengi waliwatesa raia, lakini walikuwa jeshi la kudumu lililomtii mkuu mmoja.

Mwaka 1871 dola hizo ziligongana. Kwa masimulizi ya Stanley, aliyekuwapo, msafara uliokuwa ukienda Ujiji ulitozwa nguo, bunduki na baruti, kisha ukaambiwa urudi ulikotoka. Mtu atakaye mali tu angeridhika na ushuru. Mirambo alikuwa akiifunga njia. Waarabu walimwendea kwa silaha wakashindwa, na mwezi wa Agosti Tabora yenyewe ikashambuliwa, akauawa Khamis bin Abdullah. Stanley alilazimika kuzunguka kusini kufika Ujiji. Sultani Barghash alipeleka askari, lakini hawakumwangusha Mirambo.

Vita vilipotulia, Mirambo alitumia njia nyingine za wakuu wa dola. Alichanjiana damu na Stanley mwaka 1876, akawakaribisha wamisionari Urambo, akaandikiana na John Kirk, balozi wa Kiingereza Unguja. Tippu Tip, katika habari za maisha yake zilizochapwa upya na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki miaka ya 1958 na 1959, husimulia jinsi Mirambo alivyotafuta urafiki wake. Lakini mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika vita vya watu wake, na Kirk akajitenga naye.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha funguliwa tarehe 15 Novemba. Mpandashalo, mrithi wake, hakuweza kuishika dola iliyojengwa juu ya mtu mmoja. Isike wa Unyanyembe alipambana na Wadachi hadi Januari 1893, alipojilipua kwa baruti ndani ya boma lake. Urambo na Unyanyembe zilipoteza nguvu nyingi katika kugombea njia moja, na aliyeipata ni mgeni wa tatu.

Yawapasa watungaji wa kamusi, basi, wasitosheke na maana ya leo ya hongo. Wakiiacha ile ya zamani, msomaji atadhani watemi walikuwa wala rushwa, hali walikuwa wakidai haki ya mpaka, kama dola yo yote idaivyo.