Padi kuukuu zinazolipa kodi ya chumba

Barabara inayotoka Kisumu huingia Busia ya Kenya, hupita kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kisha hutokea Busia ya Uganda, mji wenye jina lilelile. Kando yake, huku na kule, na hata ukielekea Tororo hadi chini ya lile jabali lake maarufu, hukosi kibanda cha gemu: chumba kimoja, benchi, televisheni mbili tatu, na PlayStation 2 zenye umri mkubwa kuliko baadhi ya vijana wanaozichezea.

Sony ilianza kuuza PS2 mwaka 2000 na ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Ulaya na Marekani watu huiweka kabatini kama kumbukumbu ya utoto wao. Mpakani bado iko kazini. Lenzi yake ya kusomea diski ikichoka, wenye vibanda huchezesha gemu kutoka kwenye flashi na maisha yakaendelea. Padi, kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, haina ujanja wa namna hiyo. Mechi ni ya watu wawili. Padi moja ikifa, benchi zima linainuka na kwenda kwa jirani.

Ugonjwa wa kwanza wa padi ni waya. Mchezaji akifungwa bao huivuta, mwenye kibanda akifunga jioni huizungushia waya shingoni, na miezi ikipita nyuzi hukatika mahali pale pale: karibu na plagi au pale waya unapoingia kwenye padi. Plagi ina pini 9, nane kati yake ndizo zinazotumika, na fundi mzoefu hubashiri ni uzi upi umekatika kabla hajashika bisibisi. Padi ikicheza vizuri lakini haitetemeki, huenda uzi unaopeleka umeme kwenye mota mbili ndio ulioachia. Isipotambuliwa kabisa na mashine, kasoro iko kwingine. Dawa ni kukata kipande kibovu na kuunganisha upya uzi kwa uzi, huku mita ikithibitisha kila kiungo. Rangi zisiaminiwe, kwa sababu nyaya za padi bandia hazifuati mpangilio wa Sony.

Waya huo una kisa chake na forodha, ingawa si forodha ya Busia. Mwishoni mwa 2001, maafisa wa Uholanzi walizuia PlayStation zipatazo milioni 1.3 baada ya kukuta nyaya za padi zina kadimiamu, madini yenye sumu, kupita kiwango cha sheria yao. Sony ililazimika kubadilisha nyaya hizo. Wanaochoma nyaya kuukuu jalalani ili wapate shaba wangefaa kukijua kisa hiki, na majirani wanaovuta moshi huo wangefaa kukijua zaidi.

Ugonjwa wa pili huwachanganya hata mafundi wa redio. Ndani ya padi halisi ya PS2, vitufe havigusi bodi. Vinabonyeza utando mwembamba wa plastiki wenye mistari ya kupitisha umeme, na ncha ya utando huo hukandamizwa kwenye bodi kwa kipande cha sponji. Miaka ishirini ikipita, sponji husinyaa. Kitufe cha kupiga shuti hugoma, au kingine kinajibonyeza chenyewe. Wengi hukimbilia kusugua raba za vitufe, kumbe raba hazina kosa. Kipande kidogo cha sponji mpya, au tabaka mbili za utepe juu ya ile ya zamani, hurudisha mgandamizo na padi ikafufuka. Ni kazi ya dakika chache isiyohitaji lehemu, nami naiona kuwa ndiyo matengenezo yenye faida kubwa kuliko yote katika biashara hii.

Kama raba zina uchafu kweli, zisafishwe kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti ya duka la dawa isitumiwe kabla ya kusoma karatasi yake, maana aina nyingine huchanganywa na mafuta ya nyonyo, na mafuta hayo hubaki pale pale ulipotaka pawe pakavu.

Analogi, yaani vile vijiti vya dole gumba, ndizo hodari wa kuua padi. Chini ya kila moja kuna vikinza viwili vidogo, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Ndani yake ulimi wa chuma husugua njia ya kaboni, na katikati ndipo huchakaa haraka. Hapo beki wako huanza kutembea mwenyewe kuelekea goli lake. Kusafisha huahirisha tatizo tu. Analogi nzima ina miguu 14 iliyolehemiwa, na anayeing'oa kwa pupa huing'oa pamoja na shaba ya bodi. Afadhali kubadilisha kikinza kimoja, chenye miguu mitatu. Kwa padi zilizotengenezwa baada ya sheria ya Ulaya ya Julai 2006 dhidi ya risasi, lehemu yake huyeyuka kwenye takriban nyuzi 220, wakati ile ya zamani huyeyuka kwenye 183 hivi. Ukiongeza kwanza lehemu kidogo ya zamani juu yake, huachia kwa urahisi.

Vipuri? Hapa mpaka unamnufaisha fundi. Akikosa kitu Luthuli Avenue, Nairobi, huulizia Kampala, ambayo kwa basi ni karibu zaidi. Tatizo ni kwamba kote huko atauziwa padi bandia mpya kwa bei ya kutupa. Sizidharau. Kwa kandanda zinafaa, kwa kuwa nguvu ya shuti hutokana na muda unaoshikilia kitufe, si uzito wa kidole. Nyingi hazina hata ule utando wa kusumbua. Lakini nyaya zake ni nyembamba na analogi hazidumu, na mwenye kibanda anayezinunua kila mara anamlipa muuzaji pesa ambazo zingemtosha fundi. Padi halisi iliyokarabatiwa vizuri inazishinda, nami sina shaka juu ya hilo.

Shida ni kwamba padi halisi haitengenezwi tena. Vipuri vyake asilia vilivyobaki ni vile vilivyomo ndani ya padi mbovu. Basi kama unayo moja imelala kwenye droo Eldoret, Jinja au Nairobi, usiitupe na usiichome. Ipe fundi, hata kama kilicho kizima ni plagi tu.