Kuchoma Tairi si Wazimu, Ila Barabara ya Namanga si Uwanja

Msafiri atokaye Athi River kuelekea Namanga, akiisha kuupita mji wa Kitengela na majumba yake yanayochipuka kila uchao, hukuta juu ya lami maandishi ambayo hayakuandikwa na idara yoyote ya serikali. Ni michirizi myeusi, mingine imenyooka sambamba, mingine imejikunja duara juu ya duara. Kazi yangu ni kuchunguza lugha, na huenda ndiyo sababu siwezi kuipita michirizi hiyo bila kuisoma. Huachwa na vijana wenye magari ya gia za mkono, nao husema kwamba wanachoma tairi.

Kitenzi hiki kimebebeshwa mzigo mkubwa. Mkuki huchoma, moto huchoma, hata neno la fitina huchoma. Kitengela kwenyewe, ambako watu wa Nairobi huenda kula nyama mwisho wa juma, choma ni neno la makaa na mbuzi. Nao vijana wa mitaani humwambia mwenzao aliyewaaibisha kuwa amewachoma. Nathubutu kudai kuwa maana zote hizo zinakutana katika mchezo huu.

Wapo watu wazima wenzangu wanaouita wazimu mtupu. Siafikiani nao, maana anayeufanya sawasawa ana elimu, japo hakuipata darasani. Hukanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, akapandisha mzunguko wa injini, kisha akaiachia klachi kwa ghafla. Nguvu yote iliyolimbikizwa katika injini hushuka kwa pigo moja, na magurudumu ya nyuma hushindwa kushika lami yakaanza kuzunguka papo hapo. Mguu uliotoka kwenye klachi huwahi breki. Kwa kuwa breki za mbele aghalabu ni kali kuliko za nyuma, mbele hutulizwa ilhali nyuma huzidi kuzunguka. Mpira hupata joto, mafuta yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke, wingu jeupe likapanda. Katika gari linalojibadilishia gia lenyewe, pigo lile humezwa kwa kiasi na mafuta yaliyo kati ya injini na giaboksi. Ndiyo maana vijana hawa hulidharau.

Hapa pana kinaya. Gari linalotukuzwa na vijana wengi wa Kenya ni Subaru Impreza, na Impreza zile kali husukumwa na magurudumu yote manne. Gari la namna hiyo halipendi kuteleza. Anayelilazimisha huenda akaichoma klachi kabla ya tairi, na harufu inayowafikia watazamaji ikawa ya deni la fundi. Wajuzi hutafuta Toyota Altezza yenye gia 6 za mkono, iliyoundwa kati ya 1998 na 2005, ambayo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Lakini Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, hivyo zilizopo ndizo hizo, hazina wenzao wanaokuja.

Fundi mmoja wa Kitengela aliniambia jambo lililonikaa moyoni: kwamba tairi halimtishi linapoteleza, humtisha linaposhika. Mwanafizikia angeafiki. Tairi linaloteleza lina mshiko mdogo kuliko lile linaloviringika bila kuteleza. Likishika tena kwa ghafla, pengine kwa sababu dereva ameiachia breki au gurudumu limetoka penye vumbi likaingia penye lami kavu, nguvu iliyokuwa ikipotea kwa moshi hugeuka kuwa mwendo, na gari huruka upande lilikoelekea. Upande huo ndiko waliko watu. Watazamaji hawasimami mbali. Hulizunguka gari, simu mikononi, wakikaribia kila duara linapokamilika. Tena tairi linalotumiwa huwa kipara, kwani nani achome jipya? Mpira ukiisha hubaki nyuzi, na tairi likipasuka vipande hurushwa kwa kasi.

Na barabara yenyewe ni ipi? Ni njia kuu ya malori ya kwenda Arusha. Wanabodaboda huipita usiku kucha, na wafugaji huvusha ng'ombe wao kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamwona kijana huyu kuwa dereva wa hatari, basi. Katika barabara ya umma sheria inasema kweli. Ninachouliza ni iwapo ina neno jingine la kumwambia zaidi ya hilo.

Afrika Kusini walilipata. Mchezo wa kuzungusha magari ulikua Soweto katika miaka ya 1980, ukihusishwa na mazishi ya majambazi, na gari lake la fahari lilikuwa BMW ambayo watu wa mitaani waliibatiza jina gusheshe. Wazee wa huko nao waliulaani. Mnamo 2014 ulitambuliwa rasmi kuwa mchezo wa magari, nao ukawa na viwanja, kuta na kanuni.

Kajiado si mgeni wa magari ya kasi. Safari Rally ilipokuwa ikizunguka kusini mwa Nairobi, vumbi lake lilitua katika nchi hii ambayo Wamaasai waliiita Olkeju-ado, mto mrefu. Mashindano ya dunia yaliporejea Kenya mwaka 2021 yalikwenda Naivasha. Serikali ya kaunti ingeweza kutenga kipande cha lami chenye ukuta wa zege, gari la wagonjwa langoni, na usimamizi wa Shirikisho la Michezo ya Magari. Isikimbilie tu mbuga za Kitengela kwa kudhani ni tupu: wanyama wa Hifadhi ya Nairobi hutegemea kutoka kupitia huko, na ua zimekwisha kuwabana. Afadhali mahali palipozoea kelele, karibu na viwanda.

Kiwanja hicho kitahitaji jina. Nawashauri wanakamati wa istilahi, nikiwamo, tusihangaike nalo. Vijana watakuwa wamelitunga kabla hatujaitisha mkutano wa kwanza.